Ubao wa Mwisho wa Maganga

Nakataa bado. Tumemzika Maganga wiki iliyopita kule Ushirombo, na mimi bado nasubiri anipigie, aanze na salamu yake ya Kisukuma, "Mwangaluka, Shija!" halafu acheke kabla sijajibu.

Wengi hapa mnamjua: fundi wa sakafu za mbao. Ukiwa na korido nyembamba na mbao zako za mninga, watu walikuambia mtafute Maganga.

Tulianza kazi pamoja. Saiti ya kwanza, Bugarama, korido ilikuwa nyembamba hata nyundo haina pa kuinukia. Tulipiga magoti siku tatu, mgongo wangu ukutani, miguu yake usoni kwangu. Jamani, zile soksi!

Ila alikuwa na jambo lake. Tukifika ubao wa mwisho, ule unaopunguzwa upana ndipo ubanwe ukutani, ananiambia, "Shija, toka nje kidogo. Huu niachie." Anafunga mlango.

Mimi ni mtu wa kushuku, mnanijua. Nyumba zenyewe za matajiri wa dhahabu, na huku kwetu tajiri akijenga watu huuliza kafukia nini. Nikasema huyu anawawekea ndagu, dawa ya utajiri, na mimi ndiye namshikia msumeno!

Nilimuuliza. Akacheka. "We Shija, utakuja kumshuku hata mama yako." Nikaona kicheko hicho ndicho jibu.

Nikaacha kufanya kazi naye. Mbaya zaidi, nikawaambia watu kwa nini. Kazi zikampungua. Alijua maneno yametoka kwangu, na bado tukikutana alinisalimia yeye kwanza. Hata salamu hizo nilizishuku.

Jumatatu nikaitwa Masumbwe. Bomba la gesti moja limevuja, korido imevimba. Sakafu hiyo Maganga aliiweka peke yake, mwaka mzima baada ya mimi kuondoka. Kuifungua lazima uanze na ubao wa mwisho. Sifichi, nilisali Salamu Maria kwanza.

Hakuna hirizi. Hakuna kitu. Upande wa chini wa ubao kuna maandishi ya penseli tu, mwandiko wake wa kupinda, ule alioona aibu kuuandika mbele za watu: "Kazi ya Maganga na Shija."

Nyote mliowahi kunisikia nikimsema, nilikosea. Nilimchafua mtu safi.

Maganga, nisamehe. Leo nimeurudisha ubao wako palepale, na maandishi yake. Kabla ya kuubana, niliwaomba wote watoke nje kidogo.

Lala salama, fundi mwenzangu.