Waliniacha kwa sababu ya AC, na mimi ndiye ninayejua kwa nini inazima

Admin, jina langu libaki kwako, maana wakwe zangu wanausoma ukurasa huu kuliko hata mimi. Nina miaka thelathini na mbili, mtoto mmoja, niko kwa mama yangu Mambrui nakaa eda. Kazi yangu ni fundi wa umeme wa majumbani, nimeisomea. Msianze kunihurumia, ngojeni mmalize kusoma, kwani mimi mwenyewe si malaika.

Niliolewa Malindi, tukikaa nyumba moja na mavyaa, mamake mume wangu, na wifi yangu. Mavyaa ana presha, na joto la Januari humlaza. Mwanawe mkubwa aliye Uarabuni akamwekea AC ya nyumba nzima, na ukutani sebuleni kikapachikwa kidude chenye kioo, thamostati ya kuongoza AC, ambacho mwanawe huyo hukitazama kwa simu yake kutoka huko huko. Mashaallah, nyumba ikawa baridi. Haukupita mwezi, kioo kikaanza kuzima chenyewe. Leo kinawaka, kesho ni cheusi kama sufuria, na AC nayo kimya.

Fundi wa nyumba ni mimi, basi nikaona hii ni kazi yangu. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikabadilisha betri, wapi. Ijumaa moja asubuhi nikakifungua kile kidude, nikakaza nyaya zote, na bisibisi ingali mkononi kioo kikawaka chenyewe. Nikasema wazi kwamba sijui kilichokiwasha. Mavyaa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Aa, nshajua mimi!" akasema. "Anakizima mwenyewe, kisha akiwashe tumwone wa maana. Mwanamke wa kushika nyaya, wewe utatarajia nini kwake?"

Wifi akatokea chumbani kwa mavyaa na kanzu mkononi, akacheka. Nikamtazama mume wangu anitetee, naye akatazama simu yake. Kilipozima mara ya nne mavyaa alizidiwa na joto, akalazwa siku mbili, na aliporudi mume wangu akaniletea karatasi. Talaka moja. "Mama hawezi kukaa na mtu anayemfanyia hila ndani ya nyumba yake," ndiyo maneno yake. Mama huyo nimemkoroga uji na kumnywesha alipokuwa hajiwezi. Nilitoka pale na mtoto mgongoni na begi la vifaa vyangu, nalia njia nzima.

Wiki mbili baadaye wifi akaweka picha kwenye status yake. Dumu la njano, bomba la maji ya AC limezamishwa ndani, na mdomo umezibwa kwa kitambaa kilichokazwa, mbu wasiingie. Chini ameandika: "Maji baridi ya bure, kanzu hazina doa." Wa Malindi mnajua maji ya visima vyetu yalivyo na chumvi, ukiyanyunyiza kwenye pasi kanzu inabaki na mabaka. Basi yeye hukinga ya AC, apigie pasi kanzu za Ijumaa.

Nikaelewa yote papo hapo. Dumu likijaa, maji hayana pa kwenda, yanarudi kwenye sinia lililo chini ya AC. Mle mna swichi ndogo ya usalama: maji yakipanda inakata umeme, na kidude cha ukutani kinakufa. Wifi akimwaga dumu, kinafufuka. Ile Ijumaa nilipokuwa na bisibisi, yeye alikuwa ua wa nyuma, ameshalimwaga dumu, anapiga pasi!

Mtauliza mbona sikuliona dumu. Liko ua wa nyuma, na mlango wa ua huo unapitia chumbani kwa mavyaa. Kwetu mkaza mwana haingii chumbani kwa mavyaa asipoitwa. Adabu yangu ndiyo iliyoniponza.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Mume wangu alinipigia simu: "Kimezima tena. Ulikifanya nini?" Nikamjibu kwa upole abadilishe betri. Akabadilisha. Siku ya pili nikamwambia azime umeme wa nyumba nzima, asubiri nusu saa. Akasubiri. Siku ya tatu nikampandisha darini saa saba mchana akague waya, akashuka kalowa jasho hadi soksi. Nilicheka mpaka mama akaja kuniuliza nina nini. Waliniita mzima AC nikiwa sina kosa. Sasa kosa ninalo, na ni tamu.

Jumamosi ni arusi ya wifi, nyumba itajaa wanawake. Jana mume wangu alikuja mwenyewe, akakaa kibarazani kwetu.

"Mama anasema uje ukitengeneze kisizime siku ya arusi. Ukiweza, ntakurejea."

"Na nisipoweza?"

Akainuka, akavaa viatu vyake. Eda yangu inaisha Jumapili, na ndoa yangu yote ameipima kwa baridi ya sebuleni!

Mama yangu nimemweleza. Akanitazama akasema, "Mwanangu, yule ana presha. Akianguka kwenye arusi ya mwanawe, wewe utapata usingizi?" Nachukia kwamba anasema kweli.

Moyo wangu unataka niende Jumamosi, niombe ruhusa kwa adabu kuingia chumbani kwa mavyaa, nilitoe dumu hadi katikati ya wanawake wote, halafu rejea yake nimrudishie. Au nikae hapa hapa Mambrui niwaache waive. Nikiwaambia leo kwa simu watachomoa bomba kimyakimya, na mimi nitabaki mwenye hila hadi kaburini.

Jamani, nifanye lipi? Anayetaka kuniambia nisamehe, aanze kwa kunitajia nani ameniomba msamaha. Na mnijibu upesi. Bi arusi ameshawekwa ndani, leo anatiwa hina, hagusi pasi wala maji. Safari hii dumu likijaa, hakuna wa kulimwaga.