Mwalimu, Redio Yake na Waya Wangu wa Nguo

Marehemu mume wangu alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na shuleni wanakumbuka ukali wake. Nyumbani hakuwa mkali. Akitoka kazini anavua viatu, anapita jikoni bila hata kufunua sufuria, anaingia kwenye stoo nilikokuwa naweka unga. Unga ulishahamia chini ya kitanda. Stoo ilikuwa ya redio.

Si redio ya taarifa ya habari. Hii ilikuwa ya kuongea. Mwenyewe huita hewani kwa kugonga kitufe, milio mifupi na mirefu badala ya herufi, na mwenzake wa nchi nyingine, asiyemjua hata sura, humjibu. Hawauziani kitu. Wanasalimiana, wanaulizana hali ya hewa, wanaagana. Mwalimu alisubiri leseni miaka minne, akafanya na mtihani, na ilipokuja aliitia kwenye fremu ya picha yetu ya harusi. Picha ikafuata unga.

Kila aliyempata alimwandika kwenye daftari, na alama mbili mbele yake: ya kueleweka, ambayo mwisho wake ni tano, na ya nguvu, ambayo mwisho wake ni tisa. Aliyesikika vizuri kabisa anapata tano-tisa. Ambacho hakukisikia kwa masikio yake, hakukiandika.

"Na mimi je?" nilimwuliza.

"Wewe tisa unayo tangu nikuoe," akasema. "Kwenye tano ndiyo tutasumbuana."

Alikuwa na sababu. Siku moja alimpata mzee wa huko ambako jua hukaa wiki nzima halizami. Mwalimu aliniambia hivyo tu. Habari ilipofika bombani kwenye foleni ya maji, nilikuwa nimeongeza kwamba kuku wa mzee yule hawajui walale saa ngapi, na jogoo amekaukiwa sauti kwa kuwika mfululizo. Watu wakaenda kumwuliza Mwalimu hali ya jogoo.

Matata yalianzia kwa jirani yetu, fundi cherehani, anayeshona huku akisikiliza mpira. Redio yake ilianza kunguruma Mwalimu akigonga.

"Shemeji," aliniambia juu ya ukuta, "jana limefungwa goli, mtangazaji anamtaja mfungaji, mimi nasikia krrrr! Timu nzima hakuna mchezaji anaitwa Krrrr!"

"Labda wamemsajili juzi," nikamjibu.

Alivumilia miezi miwili, kisha akapeleka malalamiko. Ikaja barua: mkaguzi atafika Alhamisi, na ngurumo ikisikika, leseni inarudi ilikotoka. Mwalimu alikagua mitambo yake mara kumi, akakaza skrubu, akabadilisha nyaya. Hakuona kosa. Wiki hiyo sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Alhamisi fundi alileta redio yake uani kwetu. Mkaguzi, kijana mwenye mkoba, akasema, "Mwalimu, gonga." Mwalimu akaingia stoo, akagonga. Krrrr.

"Inakuwa hivi kila siku?" mkaguzi akauliza.

"Jumatatu na Alhamisi," akasema fundi. "Siku nyingine nasikia vizuri tu."

Mwalimu alitoka na fremu ya leseni, akiifuta vumbi kwa mkono wa shati, akampa mkaguzi.

Mimi nilikuwa nimeshika beseni la nguo. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku zangu za kufua. Na waya wangu wa kuanikia, wa chuma, umeliwa na kutu, nilikuwa nimeufunga kwa kamba kwenye mlingoti wa antena, upande wa nyuma asikopita mtu. Mwalimu alinikataza kufunga hapo hata uzi. Nguo zikiwa mbichi, waya hulemewa ukashuka, ukaugusa mlingoti.

"Ni mimi," nikasema. "Zinazonguruma ni shuka zangu."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji! Umemaliza kuku, sasa shuka!"

"Pumzika kidogo, mama," mkaguzi akasema.

Hata Mwalimu alinitazama kwa huruma. "Usinitetee hivyo, mke wangu."

Ya jogoo waliniamini, ya shuka wakayakataa! Nikaweka beseni chini, nikachukua kisu cha vitunguu, nikaenda nyuma ya mlingoti nikaikata kamba. Shuka nne na mashati yote ya Mwalimu yakaenda matopeni.

"Haya, gonga sasa."

Akarudi stoo, akagonga. Redio ya fundi ikaendelea kusoma habari za mvua, neno kwa neno. Mkaguzi akauokota waya mwenyewe, akaugusisha kwenye mlingoti. Krrrr. Akauondoa. Habari za mvua. Alirudia mara tatu, kisha akamrudishia Mwalimu fremu yake.

"Mama kasema kweli," akasema.

Fundi alijikuna kichwa. "Sasa shemeji, na yule jogoo?"

"Anaendelea vizuri."

Mwalimu hakunigombeza. Aliingia stoo, akaandika kitu kwenye daftari. Mimi sijui kusoma, nikajua ameniandikia makosa yangu, na sikuuliza.

Ametutoka mwaka wa tatu sasa. Juzi mjukuu wangu, anayeniandikia haya, alilifungua daftari lile akanisomea. Katikati ya nahodha wa meli na daktari wa kisiwani akakuta mstari mmoja: "Alhamisi, saa nne asubuhi. Mke wangu, uani. Tano-tisa."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Bombani nimewaambia nilipewa tano-kumi.