Jumamosi za Kutafuta Shamba Kaskazini

Enzi zetu, sisi tuliokulia Maplewood, kando ya Saint Paul huko Amerika, kabla kila mtoto hajapewa simu yake, Jumamosi haikuwa siku ya kulala mpaka jua lichome shuka. Kwetu ilianza na Papa kugonga mlango wa chumba kwa kiganja: "Batoto, muamuke! Udongo hautungojei!" Jikoni Mama alikuwa keshakaanga ndagala, wale dagaa wa kwetu, na harufu yake ilikuwa imefika kwenye korido, majirani wanafungua madirisha. Bugali ilifungwa kwenye foili, chupa ya chai ikafuata, kisha sisi watoto: mimi, kaka yangu Daudi, na Riziki, kitinda mimba, ambaye tulimketisha katikati ili akitapika tugawane.

Tulikuwa tunakwenda kutafuta shamba. Papa alisafisha sakafu hospitalini Saint Paul, lakini ukimuuliza kazi yake alijibu, "Mimi mulimaji." Kwao, kwenye milima ya juu ya Uvira, alikuwa na ng'ombe na maharage, vita vikavimaliza. Tulipofika Amerika, mtu mmoja kanisani akamwambia kwamba kaskazini kuna misitu isiyo na mwisho, na ardhi ambayo wenyewe wameichoka. Tangu siku hiyo gari letu halikupumzika.

Tuliona mashamba ya kila namna. Moja lilikuwa kinamasi kitupu. Mbu wa kule, wenzangu mnawajua, wanakuuma juu ya jinzi. Jingine lilikuwa mawe yaliyovaa nyasi. Kila mahali Papa alichota udongo, akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Huu wa misonobari, si wa maharage." Sisi tulicheza kujificha, tukala vitunda vya porini mpaka meno yakawa ya buluu. Jumatatu shuleni, wenzetu wakihadithia maduka ya moli ya Roseville, Daudi alisema sisi tulikwenda kununua msitu. Mwalimu alidhani ni Kiingereza chake kilichokosea.

Mama hakushuka garini hata mara moja. Alifungua dirisha kidogo, akafuma kofia zake, macho mapajani. Tulidhani anaogopa dubu. Nilipokua ndipo nikaelewa. Walipokimbia vita, alilala msituni na Daudi akiwa kichanga, akimziba mdomo asilie. Papa akitazama miti aliona kuni na kivuli cha ng'ombe. Mama aliona watu waliojificha nyuma ya miti hiyo.

"Mimi siwezi kukaa mahali nitapiga kelele na mutu asisikie," alimwambia Papa jioni moja.

Jumamosi iliyofuata Papa akagonga mlango tena. Miezi ile wazazi wetu walizungumza kupitia kwetu: mwambie Papa yako chakula tayari, mwambie Mama yako nimeshiba. Tulijua mmoja wao atashindwa, na hatukujua tumwombee yupi.

Joto lilipoanza kupungua, tukafika mahali mbele ya mji wa Duluth, penye nyumba ya mbao iliyobabuka rangi, kijito nyuma yake, na mitufaha michache iliyozaa bila mtu wa kuchuma. Papa akaonja udongo. Hakutema. Alisimama tu, mkono umejaa, kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Ndipo Daudi akauliza, "Riziki yuko wapi?"

Tuliita kila upande. Papa alikimbilia kijitoni, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Kisha nikasikia mlango wa gari ukivutwa, na Mama akashuka, uzi wa kofia ukimfuata kwenye majani. Hakuita jina la mtoto. Aliingia kwenye miti huku akiimba kwa sauti yake yote wimbo aliomlazia Riziki kila usiku. Baadaye alituambia kwamba mtoto akiitwa kwa hasira hujificha, anajua fimbo inamngoja.

Aliyekuja kwanza hakuwa Riziki. Alikuja mbwa, halafu mzee wa Kizungu mwenye buti za mpira, anahema. Alisema amesikia sauti ya mwanamke, akadhani kuna mtu ameumia. Kabla sijamaliza kumweleza, mbwa wake alikuwa amepenya chini ya misonobari anabweka. Riziki alikuwa amekaa katikati ya vitunda vyake, mdomo wa buluu, anashangaa tunalia nini.

Mama alimfunga mgongoni kwa kitenge, ingawa alikuwa mkubwa na miguu inaning'inia. Nilingoja aseme turudi mjini tusikanyage tena huko. Badala yake alinigeukia.

"Umuulize huyu muzee. Alinisikia akiwa wapi?"

Nikatafsiri. Nyumbani kwake, akasema, nyuma ya miti ile. Alikuwa anakunywa kahawa.

"Umuulize tena. Na wakati ya theluji, anasikia?"

Mzee akacheka, akavua kofia. Wakati wa theluji husikia zaidi, alisema, kwa sababu majani yote yameanguka.

Garini Mama alikunja uzi wake mpaka tulipofika barabara kuu.

"Papa Daudi," akaanza, "ule mulango wa mbele wa ile nyumba utauziba. Ufungue mwingine, uangalie kwa muzee."

Papa alisimamisha gari kando. Alisema vumbi limemwingia machoni, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Tulihamia kabla theluji haijaanza. Mwaka wa kwanza mabomba yaliganda, tukayeyusha theluji kwenye sufuria ili tuoge. Tulilisubiri basi la shule gizani, na tukijikunyata Mama alitukemea kutoka mlangoni, ule mlango mpya: "Mukono wa kukaa mufukoni hauvuni!" Majira ya joto yakifika, lengalenga zake, ule mchicha wa kwetu, zilitupita urefu, na watu wa kanisa walipanda kutoka Saint Paul na mbuzi wao na watoto wao. Yule mzee jirani alizoea sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, kuliko sisi. Papa alilima maharage mpaka mgongo ukamwambia basi, na hata sasa bado anabishana nao.

Mimi nimerudi mjini, nahudumia wagonjwa, nalala Roseville. Nikiwapeleka wanangu kwa babu yao, swali la kwanza, kwa Kiingereza, ni kama kuna intaneti. Kiswahili wanakielewa chote, hasa ukitaja chakula. Mkubwa ana picha za misitu ya dunia nzima kwenye simu, lakini buibui akimgusa anataka tumpeleke emajensi. Sisi tulikuwa na msitu mmoja, na tulimjua kila kulungu wake. Nacheka, lakini kuna kitu natamani ningewapa na sijui kinafungwaje kwenye begi.

Jumapili iliyopita tulirudi kutoka huko, na mwanangu wa mwisho alisinzia kabla hatujafika nyumbani. Enzi zetu ungeamshwa, ukasuguliwa kwa jiwe mpaka visigino ving'ae, ndipo ulale. Nilimbeba hadi kitandani na kumfungua viatu. Kucha zake zote kumi zilikuwa na udongo mweusi wa babu yake. Nikazima taa, nikamwacha alale nao.