Utepe wa Mzee Anders, Seven Hills hadi St Marys

Nilifunga safari hii kwa ajili ya Mzee Anders, na kwa ajili ya baba yangu ambaye sikumzika. Baba alifariki Tanga wakati wa korona, ndege zimesimama, nami niko Sydney nawaogesha wazee wa watu katika makao yao, mtaa wa Seven Hills. Anders alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Amerika kwa wahamiaji wa Kidenmaki, na ujanani akaingizwa kwenye chama chao cha udugu, cha kuuguzana na kuzikana kama vyetu. Waliohamia Sydney walikuwa watatu. Mmoja alishakufa, na kanuni yao kali: wasipofika watatu hakuna mkutano, na bila mkutano ndugu haagwi. Mzee alitaka kuagwa.

Saa sita mchana zamu yangu iliisha. Mama Furaha, Mkongomani tunayefanya naye kazi, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa, "Wewe enda tu, ndugu. Nitakaa naye kwa break yangu. Mais usichelewe, anachoka sana." Nikatia mkobani utepe mwekundu wa chama, ambao Anders alitaka umfikie mwenzake aliyebaki, Mzee Holger.

Treni ilikuwa karibu tupu. Kila mtu na barakoa yake, kimya. Kwetu Tanga ningeshaulizwa mara tatu ninakokwenda, nikaudhika. Siku ile nilitamani kuudhiwa.

St Marys, saa saba na nusu, Holger alikuwa getini na fimbo yake. Simu haisikii, ndiyo maana nikatumwa. Nilisimama mbali kama serikali ilivyotaka, nikamnyooshea utepe. Akakataa. Utepe, alisema, hupokewa kwa ndugu tu, na mimi mtu wa nje. Nilikasirika, nikamwambia mwenzake anakufa naye anang'ang'ania kanuni.

Akanitazama sana. "Utakubali kumzika?"

Nikasema hata baba yangu sikumzika.

"Sikukuuliza hilo. Utakubali?"

Nikakubali, machozi yakilowesha barakoa. Akautwaa utepe kwa ncha ya fimbo, akanivika shingoni kutoka kule kule alikosimama. Nusura anitoboe jicho. Akasema sasa mimi ni ndugu, tuko watatu, na kwa kuwa wageni walikuwa hawaruhusiwi kwa wazee, jina lake likiitwa mkutanoni niliitikie mimi. Akanifundisha neno lao la Kidenmaki la kuitikia: "Her", yaani nipo.

Njia nzima ya kurudi nililirudia midomoni. Abiria mmoja akahama kiti.

Saa kumi nilikuwa Seven Hills. Mzee alikuwa macho, kwa shida. Aliuona utepe shingoni mwangu, akaelewa, akaanza kuita majina. Lake akaliitikia mwenyewe. La Holger nikaliitikia mimi, sawasawa kabisa. Kisha langu. Kazini kila mtu huniita Sid. Yeye aliita "Saidi", taratibu, lote.

Lile neno likanipotea.

"Labeka," nikasema, kama nilivyokuwa nikimwitikia baba.

Mzee akaafiki kwa kichwa, akafungua mkutano. Nami nikajua kwamba muda wote ule wa kumlilia baba, nilichokikosa zaidi ni kuitwa.