Mikono Chini ya Kisogo

Shingo yangu ilikaza asubuhi moja nikiwa nimeinamia cherehani, katika kibanda changu cha kushonea kando ya barabara ya malori pale Tunduma. Mteja aliita kutoka mlangoni, nikataka kugeuka nimjibu, nikashindwa. Ikabidi nigeuke mwili mzima.

Nilijua ni uchovu wa kuinama, lakini nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu, kwa sababu niliogopa kuguswa. Nilipokuwa msichana huko Hasamba, mjomba wangu alianguka kutoka mtini, shingo ikawa inamuuma. Akaletwa mkandaji, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kukizungusha ghafla. Nilikuwa nimesimama pale na beseni la maji ya moto. Niliusikia mlio. Mjomba hakutembea tena mpaka alipofariki.

Mume wangu aligundua aliponiona nalala nimekaa. Akaniambia kuna dada anayetibu viungo kwa mikono katika zahanati moja ya mjini. Nikakataa, naye hakunilazimisha. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, sindano ikawa inaniponyoka. Nikaogopa kupooza kuliko nilivyoogopa kuguswa, nikaenda.

Dada yule alikuwa mdogo kwa umri kuliko nilivyotarajia, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kinyiha kama changu. Alinipima nguvu za mikono, akanigonga viwiko kwa nyundo ndogo ya mpira, akauliza kama miguu hulegea. Alisema kama angeona dalili mbaya asingenigusa, angenipeleka kwanza hospitali nikapigwe picha. Hakuziona. Nilipoambiwa nilale nikamsimulia habari za mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Sitakizungusha kichwa chako, mama,” alisema. “Shika mkono wangu hapa, juu ya kifundo. Ukiubana, naacha.”

Nikalala chali, yeye akakaa nyuma ya kichwa changu, mahali nisipoweza kumwona. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Niliposikia vidole vyake chini ya kisogo, niliubana mkono wake kabla hajafanya lolote. Akaitoa mikono yote, akasubiri. Tukaanza tena, nikabana tena. Mara tatu nilimbana, na mara tatu aliacha bila kuguna.

Mara ya nne nilimwacha. Hakukanda wala kusukuma, aliweka tu mikono ikatulia pale. Akanieleza polepole kwamba misuli imefunikwa na utando, kama ule mweupe unaouona ukikata nyama. Mtu akikaa mkao mmoja siku nyingi, tena akiwa na hofu, vyote viwili hukaza. Ukivilazimisha vinajikaza zaidi kujilinda. Ukivishika kwa upole na kungoja, mwili unaona hauko hatarini, unaachia wenyewe.

Kwa muda mrefu sikusikia kitu ila joto la viganja vyake. Halafu upande wa kulia ukaanza kulegea, taratibu, kama unga wa chapati ulioachwa upumzike. Badala ya kufurahi nikashikwa na woga mpya: niliona kama kichwa kitaning'oka. Papo hapo nikasikia mlio. Nikaubana mkono wake kwa nguvu zangu zote.

Akaacha. Akainama nimwone uso.

“Ni tumbo lako, mama. Mwili ukitulia, tumbo hunguruma.”

Nililia, na hakuninyamazisha. Nilipomaliza, nikamwambia aendelee.

Nilienda mara tano. Kila mara nilifika na woga ule ule, kila mara nikaushika mkono wake, ingawa safari ya mwisho sikuubana. Ganzi ya vidole ilipungua kidogo kidogo mpaka ikaisha. Aliniagiza niinue meza ya cherehani na kusimama kila baada ya muda, nami natii. Sasa nageuka pande zote mbili, japo kushoto huniuma siku za baridi.

Woga haujaisha wote. Nikienda kusukwa, humwomba msusi aniambie kabla ya kukisogeza kichwa changu. Huniambia, nami nafumba macho mpaka amalize.