Mikeka ya Kugeuza Msimu

Siku ya kwanza kazini nilivua viatu. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia chumba cha mazoezi ya viungo katika hospitali ya misheni huku kwetu Mbozi, na shule yangu ilikuwa ya msingi tu. Sista Msimamizi, mtawa aliyekuwa mtaalamu wa viungo, alinitazama nilivyoinamia ufagio akasema, "Uweke kwanza. Njoo ulale hapa chini, upumue."

"Sista, naumwa nini?"

"Huumwi. Unapumua kama mtu anayeiba hewa."

Ndivyo nilivyoingia kwenye yoga. Sista alituambia mapema kwamba hii si ibada. Anayetaka kusali, kanisa liko ng'ambo ya uwanja. Unauweka mwili katika mkao, yaani namna fulani ya kusimama, kukaa au kulala, kisha unaifuata pumzi ikiingia na kutoka mpaka mwili wenyewe ulegee. Baada ya muda alinifanya msaidizi wake. Jumamosi tulikuwa tunawafundisha akina mama wa Igamba, wakulima wa kahawa na mahindi, ambao walikuwa wanakuja hospitali na migongo yao kila mwaka.

Darasa la kwanza nusura livunjike. Kila zoezi la yoga humalizikia kwa kulala chali na kutulia, miguu imenyooka, macho yamefumbwa. Sista akautaja mkao huo kwa jina lake la asili: mkao wa maiti. Mama Halinga, aliyekuwa amejilaza mbele kabisa, akainuka na mkeka wake.

"Sista, huku mtu halazwi chali mkekani akanyooshwa miguu mpaka awe amekufa. Ngoja nife kwanza, utanilaza."

Wenzake wakacheka, lakini wote waliinuka. Sista naye akacheka, akawauliza wao wanapumzikaje wakitoka shambani. Mama Halinga akalala tena, safari hii amekunja goti moja, unyayo umekanyaga chini. "Hivi," akasema. "Goti likiwa juu, kila mtu anajua huyu anaamka sasa hivi kupika."

Tangu siku ile hatukulala vingine. Goti moja juu, likawa sharti letu.

Jambo kubwa alilonifundisha Sista ni kutofanya yoga moja mwaka mzima. Mwili wa mkulima unabadilika pamoja na shamba. Wakati wa kuchuma kahawa mikono inashinda juu matawini, kwa hiyo darasani tuliiacha ining'inie tu, mabega yashuke. Kipupwe kikija na ukungu wake mpaka mlangoni, tulianza na vidole, vifundo na viwiko, tukipumua polepole, maana kiungo cha baridi hakilazimishwi. Mvua za kwanza zikinyesha watu wanashika jembe, na aliyeinama kutwa nzima hahitaji kuinamishwa tena. Tulifungua vifua, tukajikunja kwa nyuma kidogo kidogo. Kila badiliko hilo tuliliita kugeuza msimu. Tulianika mikeka, tukaacha mikao ya zamani, tukaanza mingine kama watu wapya.

Baadaye nilipelekwa Tunduma, kwenye zahanati ya madereva wanaosubiri kuvuka mpaka. Bwana Msimamizi wa pale hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mama, dereva hana msimu," aliniambia. "Ana foleni tu." Nikawafundisha wakiwa wamesimama, wameshika bodi za malori yao. Dereva mmoja wa Zambia alikuwa ananiita mama kwa lugha ya kwao, kwa mbali, "Bamayo! Mgongo wangu umebaki Kapiri!" Nami namjibu apumue, utafika. Niliwapenda madereva, ila niliota ukungu wa Mbozi. Kazi ikanirudisha Mbozi, huko Nanyala, na mwisho nikastaafu, nikarudi nyumbani Igamba na darasa langu la Jumamosi.

Mume wangu, Baba Tumaini, alinicheka miaka yote. "Nimelima tangu asubuhi, unataka nijinyooshe tena? Mimi kamba?" Nilipostaafu, magoti yake yakaanza kumuuma. Asubuhi moja ya kipupwe akaja mwenyewe jikoni, akatandika gunia kando ya moto wangu. Kuanzia hapo tulipumua pamoja, moshi ukipanda taratibu, maji ya chai yakianza kuimba. Mwishoni alikuwa analala chali, goti juu, na mara nyingi usingizi ulimchukua goti likiwa bado limesimama.

Kipupwe kilichopita alifariki, kahawa ikiwa mtini. Wanaume walimwosha, wakamlaza, wakamnyoosha miguu. Nilipoingia kumtazama nilitamani kusema, mkunjieni goti moja. Nilikaa kwenye mikeka yangu ya darasa, maana ndiyo iliyotandikwa msibani. Watu walipoondoka niliikunja, nikaisukuma chini ya kitanda.

Jumamosi zikapita. Mbingu ikaanza kujaa mawingu, na mimi sikuita mtu. Nilijua kwamba nisipougeuza msimu huo, sitaugeuza mwingine tena. Mama Halinga akaja, mzee sasa, akiegemea fimbo.

"Mama Tumaini, jana mvua imepiga Mlowo. Unatuacha tushike jembe na mwili wa kuchumia kahawa?"

"Dada, mikeka imekaliwa na msiba."

"Basi tuianike. Au unafikiri jua linachagua?"

Tukaitoa. Tulipoikung'uta ilitoka vumbi, na harufu ya watu wengi. Wiki ile mvua ikafika kwetu, na Jumamosi kahawa ilikuwa imetoa maua, meupe shamba zima, harufu yake tamu imetulia uwanjani. Akina mama wakaja. Nikawafungua vifua, nikawageuza kwa nyuma. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilitosha.

Tulipolala kumalizia, nilinyoosha miguu yote miwili.

"We mama!" Mama Halinga alisema kutoka mkeka wa pili. "Goti!"

"Niache kidogo, dada. Nataka kujua pakoje alipo."

Nilisikia pumzi zao zote, na nyuki kwenye maua. Palikuwa kimya, na pana, na hapakuniogopesha. Nyie vijana mnaoanza kazi hii mtaniuliza yoga ilinipa nini. Sina jibu zaidi ya pale.

Nikavuta pumzi. Kisha nikalikunja goti la kulia, polepole, maana jikoni maharage yalikuwa motoni.