Niliivika Kompyuta Nguo, Nikamshtaki Zuhura

Ni mimi niliyeichemsha ile kompyuta. Nimekana kwa miaka mingi. Kwa ndugu nilisingizia umeme wa Kiomboi, kwa wageni nikasingizia vumbi la Iramba, na ofisini, Mungu anisamehe, nilimsingizia mtu.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuja: viatu vya mtumba, makoti ya mtumba, mwishowe kompyuta ya mtumba. Chama chetu cha kina mama wakulima wa alizeti kikapata moja. Mimi nilikuwa mratibu, na mwenye shahada peke yangu. Shahada yenyewe ilikuwa ya historia, lakini nani angeuliza?

Zuhura, mpiga chapa wetu, alipelekwa Singida mjini wiki mbili kujifunza. Mimi sikwenda. Niliamini mtu wa chuo kikuu hujifunza kwa kutazama.

Siku ya kwanza tu niliona aibu: mashine ya heshima imekaa uchi mezani! Nyumbani kwangu redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, hata jagi la maji lina chake chenye shanga. Nikafuma kimoja cha manjano, rangi ya alizeti, chenye nyuzi ndefu zinazoning'inia pembeni. Nikalivika lile boksi la kompyuta, nikalisukuma mpaka ukutani lisipigwe na upepo. Kina mama wakapiga vigelegele.

Haukuisha mwezi, mashine ikaanza kuzembea. Unabonyeza herufi, unatoka nje kusalimiana na watu, unarudi, ndipo herufi inatokea. Ikifika mchana inanguruma kama mashine ya kusaga, kisha inajizima yenyewe.

"Dada, inachemka," Zuhura akaniambia. "Hebu shika hapa. Tuivue hiyo nguo."

"Tuivue, kwani ina homa?"

"Ndiyo, dada. Ina homa."

Ofisi nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Na sikushika!

Nilikuwa nimesoma gazetini habari za virusi vya kompyuta. Sikuwahi kukiona hata kimoja, lakini nilikuwa na hakika vina tabia za Zuhura. Nikampelekea habari mama mwenyekiti, mzee wetu asiyependa maneno mengi.

"Huyo mdudu anaingiaje?"

"Kwa disketi, mama."

"Na disketi anazo nani?"

Nilimtazama tu Zuhura, aliyekuwa kwenye meza yake. Jamani, kuna uongo ambao hauhitaji hata kufungua mdomo!

Zuhura akanyang'anywa ufunguo wa chumba. Ikaamuliwa kwamba fundi wa Singida akikuta virusi, Zuhura kazi hana, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mdogo wake. Mashine ikapakiwa kwenye basi. Kabla haijaondoka niliivua kitambaa kisije kikachafuka njiani. Nikakifua, nikakipiga pasi, nikakikunja kisubiri.

Wewe unayesoma, hasa kama una cheo na cheti ukutani: mtu aliyefundishwa kazi akikuambia shika hapa, shika! Mimi ningeungua kidole tu. Badala yake Zuhura alikaa nasi miaka miwili zaidi bila kuniita dada tena. "Ndiyo, mratibu." "Sawa, mratibu." Jaribu kuishi hivyo miaka miwili, halafu uniambie.

Alibaki kazini kwa sababu siku ya kikao cha kungoja majibu ya fundi simu iliita.

Mama mwenyekiti ndiye aliyepokea. Ila kwenye simu alikuwa na mazoea ya kurudia kwa sauti kila anachoambiwa, ili sote tufaidi.

"Marahaba, fundi. Imepona? Haya, imepona. Imewaka tangu jana haijazima. Virusi hamna. Hamna hata kimoja?"

"Labda vimefia njiani," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

"Feni ndiyo iliyokwama? Imekwamishwa na nini? Uzi? Anasema uzi. Uzi wa manjano, umejisokota kwenye feni mpaka ikashindwa kuzunguka." Akasikiliza. "Anauliza, huko kwetu kompyuta huwa inavaa nini?"

Zuhura alikuwa akitazama sakafu. Angeweza kusema. Hakusema. Mimi pia sikusema, ila mimi nilikuwa na sababu mbaya zaidi.

Waya wa simu ulikuwa mfupi. Mama mwenyekiti akainyanyua simu nzima aisogeze karibu, na chini yake kikaning'inia kitambaa kidogo cha manjano, nyuzi zake zimenasa kwenye miguu ya simu. Nilikifuma wiki ileile niliyofuma kile cha kompyuta. Akakitazama. Akanitazama.

"Subiri kidogo, fundi," akasema. "Anayejua yupo hapa hapa."

Akaninyooshea mkonga wa simu.